Kikombe cha Masikio Mawili

Aprili 6, Jumamosi

Marehemu mume wangu Alec alijaza madaftari thelathini kwa habari za mvua na upepo wa Kirkmorran, kijiji chetu cha pwani ya Uskoti. Kazi bure. Hapa upepo huvuma, mvua hunyesha, basi. Msimu huu nimeamua kuandika watu, ingawa nao, kusema kweli, hawana mengi zaidi ya upepo.

Leo ulikuwa mkutano mkuu wa klabu ya gofu. Wanaume ishirini na watano wameketi kwa saa mbili na nusu kuamua kama wanawake waruhusiwe kushindania kweiki, kikombe chetu cha masikio mawili. Nilikuwa chumbani humohumo nikiandika kumbukumbu, maana mimi ndiye katibu wa mashindano, mwaka wa tisa sasa. Ninapanga nani acheze na nani, ninapokea kadi za matokeo, ninasugua kikombe chenyewe kila Septemba hadi kidole gumba kinaniuma. Kukishindania, hapana. Nahodha wetu wa klabu, Ramsay Coull, mtu ambaye ukimuuliza saa atakujibu kwamba kamati italiangalia suala hilo, alituasa tuwe waangalifu na mila. Mzee mmoja akauliza wanawake watabadilishia nguo wapi. Nguo gani? Tunacheza gofu, hatuogelei.

Kura kumi na nne kwa kumi na moja. Tumeruhusiwa. Ramsay alinipa mkono kana kwamba amenizawadia nyumba.

Aprili 14, Jumapili

Mvua. Waliojiandikisha ni kumi na sita. Mwanamke ni mimi tu.

Aprili 20, Jumamosi

Nimekitoa kikombe kabatini ili kipigwe picha ya tangazo. Kila mwaka nashangaa udogo wake. Bakuli la mbao, pana na fupi, halizidi kisahani cha chai, lenye ukingo wa fedha na masikio mawili bapa ya kushikia. Kwa ajili ya kitu hiki watu wazima kumi na sita watakosa raha mpaka Septemba.

Kilitolewa mwaka 1922 na Bi Farquharson wa nyumba kubwa ya mlimani, aliyepoteza wana wawili vitani. Aliweka sharti moja. Mshindi anywe wiski, kisha amkabidhi aliyeshindwa kwa mikono miwili, naye apokee kwa mikono miwili anywe iliyobaki. Hakutaka watu waondoke uwanjani wakichukiana. Maskini, hakuwajua watu wa Kirkmorran.

Kwenye kitako kuna vibao vidogo vya majina. Dod Mearns yupo mara tano. Baba yake naye mara tano. Dod ni fundi seremala, ana miaka sabini na moja, na akishinda mwaka huu atampita baba yake. Kijiji kizima kinamwombea. Hata mimi. Alikuwa rafiki wa Alec tangu utotoni na hajawahi kuniita jina langu, Netta; mimi ni shemeji tu, hata barabarani.

Mei 4, Jumamosi

Gregor Haldane amekuja kuulizia ratiba, mara ya tatu wiki hii. Huyu ndiye aliyenunua nyumba ya zamani ya mchungaji miaka mitatu iliyopita, alipostaafu kazi ya bima huko Edinburgh. Suruali yake ina rangi ya samaki aliyechemshwa. Mkokoteni wake wa fimbo hujiendesha wenyewe kwa betri, unamfuata uwanjani kama mbwa, na yeye huongea nao. Kila sentensi yake huanza na "Edinburgh sisi". Edinburgh wao wana hivi, Edinburgh wao wanafanya vile. Natamani kumuuliza barabara ya kurudi huko imefungwa lini.

Ijumaa jioni, watu wakija klabuni kula pai ya nyama, yeye hukaa meza ya dirishani peke yake. Hakuna aliyemwambia akae pale peke yake. Hakuna aliyemwambia asogee, vilevile.

Mei 18, Jumamosi

Raundi ya kwanza; kwetu mshindi ni aliyetwaa mashimo mengi. Nimemfunga Ramsay Coull, nahodha, akiwa nyuma kwa mashimo manne yakiwa yamebaki matatu. Sababu zake, kwa mpangilio alionipa: bega, kiatu kipya, upepo, ndege aliyelia wakati anapiga. Nilimwambia kamati italiangalia suala la ndege.

Mei 19, Jumapili

Bado nacheka.

Juni 15, Jumamosi

Ukungu wa baharini tangu asubuhi, huoni bendera mpaka uigonge.

Haldane amecheza na Innes Tulloch, daktari wa mifugo, na kuna kichekesho. Shimo la tano, Haldane alikuwa peke yake kwenye majani marefu, Innes yuko mbali upande wa pili, ukungu umefunika kila kitu. Haldane akapaza sauti kwamba mpira wake umesogea alipouwekea fimbo, kwa hiyo anajiadhibu mkwaju mmoja. Akapoteza shimo. Hakuna aliyeona. Hata malaika wasingeona. Mwishowe alishinda mechi, lakini habari iliyofika klabuni ni ile ya mkwaju.

Walimcheka sana, yeye akiwa palepale dirishani. Dod alisema taratibu, macho yakiwa kwenye glasi yake, "Ndio walivyo wa Edinburgh, shemeji. Hata dhambi wanaitaka na mashahidi." Mimi nilicheka kuliko wote. Mtu mkweli ana haja gani ya kutangaza? Maringo tu.

Juni 22, Jumamosi

Nimeshinda tena. Nusu fainali nitacheza na Dod. Haldane naye yumo, upande wa pili. Mungu atuepushe.

Julai 13, Jumamosi

Mvua wiki nzima. Haldane ameshinda nusu fainali yake. Alikuja kuniletea kadi akiwa amelowa mpaka kwenye masikio, akasema Edinburgh wao wana kibanda cha kujikinga kila baada ya mashimo matatu. Nikamwambia huku sisi tuna kofia.

Julai 27, Jumamosi

Dod amenifunga kwa shimo moja. Sina la kusema.

Julai 28, Jumapili

Ninalo.

Kiwanja chetu kina mashimo tisa, tunayazunguka mara mbili. Tulipofika la saba mara ya pili tulikuwa sawasawa. Dod akapiga vibaya, mpira ukapinda ukaingia vichaka vya miiba vya kulia, vile vyenye maua ya njano. Niliuona ukiingia. Haukugusa ukingo, uliingia ndani kabisa, mahali ambapo hata sungura hujutia.

Sheria inatupa dakika tatu za kutafuta; usipouona, umepoteza shimo. Mimi niliingia kwa nyuma, mikono ikachanika. Dakika ya pili Dod akaita, "Huu hapa, shemeji." Ulikuwa hatua ishirini mbele, nje ya vichaka, umekaa juu ya majani kama yai. Nikasema moyoni, labda umegonga mzizi ukaruka. Nikaenda kuutazama. Ilikuwa imenyesha usiku kucha na mipira yetu yote ilikuwa na matope tangu shimo la kwanza. Ule ulikuwa mweupe. Ulikuwa mweupe kama umetoka dukani.

Ulikuwa na vidoti vyake vitatu vya wino wa buluu, alama anayoiweka siku zote. Alinitazama, nikamtazama. Uso wake ulikuwa uleule wa siku aliyobeba jeneza la Alec, bega la mbele kushoto. Jeneza lenyewe alilitengeneza yeye, kwa mbao za mwaloni, akakataa hata chai.

Nikamwambia apige.

Alishinda shimo hilo, tukatoka sare mawili yaliyobaki. Alinikumbatia. Nilifika nyumbani nikaosha mikwaruzo na kujiambia kwamba macho yangu yana miaka sitini na saba.

Macho yangu yako sawa.

Agosti 10, Jumamosi

Jua. Fainali ni Septemba 7. Kijijini wanaongea habari ya Dod na baba yake kana kwamba ni harusi. Kwenye duka la nyama kuna bango lenye jina lake. Haldane ameingia dukani akalisoma lote, akanunua soseji, akatoka.

Agosti 24, Jumamosi

Nimekutana na Dod njiani. Akanipungia. Nimejifanya natafuta kitu mkobani. Kwa miaka yote niliyomjua huyu mtu sijawahi kutafuta kitu mkobani.

Septemba 7, Jumamosi

Naandika kabla chakula hakijaiva, la sivyo nitaanza kujipunguzia lawama.

Katibu ndiye mwamuzi wa fainali, kwa hiyo nilitembea nao mashimo yote kumi na nane. Watu kama hamsini walifuata kwa nyuma, na kila Dod alipopiga walishangilia. Haldane alipopiga nilisikia mawimbi. Alicheza vizuri, na nimeudhika kuiandika sentensi hiyo. Hakulalamika, hakuitaja Edinburgh. Mkokoteni wake uliishiwa betri shimo la kumi na mbili akaubeba mfuko begani bila neno.

Shimo la saba, mara ya pili. Sawasawa tena. Dod akapiga kulia, kwenye miiba ileile.

Niliwazuia watazamaji wabaki njiani. Tukaingia watatu, mimi kushoto, Haldane kati, Dod ukingoni upande wa mbele. Safari hii sikutafuta mpira, nilitafuta watu. Nilimwona Haldane akiinama, akiingiza mkono kwenye mzizi, akitoa kitu. Alikitazama. Papo hapo Dod akaita, "Huu hapa!"

Haldane alisimama kidogo, mkono umefumbwa. Kisha akaingiza ule mkono kwenye mfuko wa suruali yake mbaya, akatoka vichakani, akasema, "Bahati nzuri, Bwana Mearns."

Dod alishinda kwa shimo moja. Watu walimbeba. Ramsay alitoa hotuba ambayo ndani yake neno mila lilikuwamo mara tisa. Dod akanywa, akamkabidhi Haldane kikombe kwa mikono miwili, Haldane akakipokea kwa mikono miwili, akanywa, akasema hongera. Nilikuwa hatua mbili kutoka hapo na kadi ya matokeo mkononi, ikiwa na sahihi yangu.

Nilimfuata Haldane mpaka kwenye gari lake.

"Kuna nini mfukoni, Bwana Haldane?"

Hakujifanya hajui. Alinipa. Mpira wenye matope na vidoti vitatu vya buluu.

"Kwa nini hukusema?"

"Nina miaka mitatu hapa, Bi Rennie. Miaka mitatu nakula pai yangu naangalia dirisha. Leo nisimame mbele ya watu hamsini nimwite Dod Mearns mwizi? Nani angeniamini?"

"Mpira ungekuwa mkononi mwako."

"Wangesema nilikuja nao kutoka nyumbani." Akafungua mlango wa gari, akaingia, akateremsha kioo. "Na wewe ulicheza naye Julai. Hukuona kitu?"

Mtu wa bima huyo. Nilimdharau msimu mzima kwa ajili ya suruali.

Aliondoka.

Septemba 8, Jumapili

Nilimkuta Dod karakanani, anapiga randa mlango wa mtu. Hata Jumapili. Nilimwekea mpira juu ya meza ya kazi, kati ya vumbi la mbao. Hakuuliza umetoka wapi.

"Haldane?"

"Haldane."

"Alikuwa nao wakati tunakunywa?"

"Mfukoni."

Akavuta kigoda, akakaa. Alisema ana suruali yenye mfuko uliotoboka, mpira unateremka mguuni bila mtu kuona mkono ukisogea. Alilieleza jambo hilo kwa utulivu, fundi anayeeleza kiungio cha mbao. Nilimuuliza mara ngapi. Akasema si nyingi, ila zile alizozihitaji.

"Na Alec?" nikauliza. Mwaka 2009 Alec alifungwa na huyuhuyu fainali, kwa shimo moja. Alizeeka akiulaumu mkono wake wa kulia.

Dod aliigusa ile randa, akaiacha.

"Alec aliona, shemeji."

"Aliona nini?"

"Aliniona nikiudondosha. Alikuwa hatua tano. Nikangoja aseme. Akasema, 'Piga, Dod, mvua inakuja.' Basi nikapiga." Akapuliza vumbi la mbao mezani. "Baridi ile yote nilingoja aje hapa anitukane. Angenitukana mara moja tu ningeacha. Alikuja kuniomba nimtengenezee rafu ya vitabu."

"Kwa hiyo kosa ni la Alec."

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyohivyo, Dod."

Nimetembea pwani mpaka miguu ikagoma. Miaka thelathini na minane ya ndoa, na leo kwa mara ya kwanza nimemdharau mume wangu. Aliliona akaja nyumbani akala mchuzi wake wa shayiri, akaandika kwenye daftari lake, nimelitafuta na kulisoma: upepo wa magharibi, manyunyu kuanzia saa kumi. Hakuna kingine. Kisha nimehesabu kwamba mimi nilifanya vilevile Julai, tena ndani ya daftari hilihili, na siku ya kwanza niliandika sina la kusema.

Septemba 10, Jumanne

Kamati. Niliwawekea mpira mezani nikasema yote, ya Julai yangu vilevile. Wakatazama zulia. Zulia lile halijawahi kutazamwa hivyo.

Ramsay alisema mtu ana miaka sabini na moja, moyo wake si mzima, na je, isingekuwa busara kutangaza kwamba Dod ameuachia ushindi kwa sababu za afya. Nikamwambia kama hawezi kuandika tangazo la kweli nitaliandika mimi, na ni vizuri zaidi kwa kuwa mwandiko wake hausomeki. Akasema tupige kura. Nikasema wapige. Wakati wanainua mikono nilikuwa nimeshalibandika ukutani: ushindi wa Dod Mearns umefutwa kwa kubadilisha mpira, kikombe ni cha Gregor Haldane, na katibu aliyeona mwezi wa Julai akanyamaza anaacha ukatibu.

Hakuna aliyelibandua. Kulibandua kungehitaji uamuzi.

Septemba 12, Alhamisi

Kwenye duka la mikate nimehudumiwa bila salamu.

Septemba 13, Ijumaa

Mwanamke mmoja tuliyesoma naye amenisimamisha posta aniambie kwamba Alec angeona aibu. Nimemjibu Alec alipaswa kuona aibu zamani. Amebandika stempu yake kichwa chini.

Septemba 15, Jumapili

Upepo. Bango la duka la nyama limeondolewa. Karakana ya Dod imefungwa tangu Jumatatu.

Septemba 17, Jumanne

Haldane amebisha hodi. Alikataa kuingia. Alisema hakitaki kikombe, wakiweke kabatini. Nilimwambia hana hiari, kikombe hiki hakitolewi kwa mapenzi ya anayekipokea, na kwamba akikikataa ndiyo watasema alikuja na mpira kutoka nyumbani. Akafikiri. Akauliza kama avae koti na tai. Nikamwambia avae chochote isipokuwa ile suruali.

Septemba 21, Jumamosi

Amevaa ile suruali.

Walikuja watu kumi na wawili, na kati yao wanne walikuja kwa ajili ya pai. Ramsay alisoma maneno mafupi haraka haraka kama mtu anayesoma maelezo ya dawa ya panya. Wiski ilikuwa ya bei ya chini kabisa, ya kwake. Haldane akanywa, akageuka na kikombe mkononi, akabaki amesimama, maana sharti la Bi Farquharson linataka aliyeshindwa, na aliyeshindwa hakuwapo. Mtu mmoja nyuma alikohoa. Ramsay akaanza kusema kwamba katika mazingira haya mimi, kama katibu aliyejiuzulu, labda ningeweza kukipokea.

Mlango ukafunguliwa akaingia Dod.

Amevaa suti aliyovaa kumzika Alec. Hakumtazama mtu. Alivuka chumba kizima, na chumba kile si kikubwa lakini leo kilikuwa, akasimama mbele ya Haldane na kunyoosha mikono miwili. Haldane alimkabidhi. Alisema kitu kidogo ambacho sikukisikia, na kwa bahati nzuri hakikuwa na Edinburgh ndani yake. Dod akanywa.

Nilidhani ndiyo mwisho. Lakini kikombe hakikuwa tupu. Aligeuka na kikombe, akaja nilipokuwa, pembeni karibu na kabati, akakinyoosha kwangu. Mimi pia nilishindwa naye msimu huu, kwa shimo moja.

"Netta," akasema.

Sikunyoosha mkono. Nilifikiria mbao za mwaloni, na rafu ya vitabu, na mpira mweupe juu ya majani. Nilimdharau, na nilitaka anione nikimdharau, mbele ya wale kumi na wawili na pai zao. Alibaki amenyoosha mikono. Machozi yakaanza kumtoka, mtu mzima wa miaka sabini na moja, yakashuka mashavuni mpaka kwenye kola. Kikombe kile ni kipana na kifupi, ukiachia sikio moja wiski inamwagika, kwa hiyo hakuweza kujifuta. Alisimama hivyo, pua inamtiririka, kila mtu anatazama, na hakukishusha.

Sijui nilimwacha muda gani. Mrefu kuliko nilivyojidhania ninaweza.

Kisha nikakipokea, ili apate mikono yake.